FRITZ POLLARD: AMIRI WA UWANJANI ALIYECHELEWESHEWA NISHANI

Kila askari aliyekwisha kupita katika uwanja wa gwaride anajua kwamba cheo huweza kuvalishwa begani kwa amri ya siku moja, lakini uongozi hujengwa kwa miaka mingi. Leo ukurasa huu unakuletea maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuongoza kikosi vitani, ila aliongoza wenzake katika mchezo ulio mkali karibu na vita vyenyewe. Alifanya hivyo katika nchi na katika zama ambazo mtu mweusi kumpa amri mtu mweupe lilikuwa jambo ambalo wengi hawakutaka hata kulisikia.

Mtu huyo ni Frederick Douglass Pollard, aliyejulikana zaidi kwa jina la Fritz. Alizaliwa mwaka 1894 katika jiji la Chicago, Marekani, na akafariki dunia mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 92. Alikuwa mwalimu wa kwanza mweusi katika ligi kuu ya kandanda ya kulipwa ya nchi hiyo, na kwotabeki wa kwanza mweusi katika ligi hiyo hiyo. Hata hivyo jina lake lilipoingizwa katika Jumba la Mashujaa wa kandanda ya kulipwa, mwenyewe alikuwa kaburini kwa miaka 19. Jinsi haki hiyo ilivyochelewa, na jinsi mwenye haki alivyoishi akiingoja, ndiyo habari tunayotaka kuisimulia.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza yatupasa tuufahamu mchezo, maana kandanda ya Kimarekani siyo hii tuichezayo jioni katika viwanja vya kambi zetu. Mpira wake una umbo la yai, na mara nyingi huchukuliwa kwa mikono. Timu mbili za watu kumi na mmoja hukabiliana katika uwanja wenye urefu wa yadi 100 kati ya mstari wa lango na mstari wa lango. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa nafasi nne nyingine. Ikishindwa, huukabidhi mpira kwa adui. Atakayeuvusha mpira hadi nyuma ya mstari wa lango la wapinzani huipatia timu yake pointi 6. Wapinzani nao wanaruhusiwa kumkamata mwenye mpira na kumwangusha chini kwa nguvu zao zote.

Askari ataona mara moja kwamba huo ni mchezo wa kuteka ardhi. Mbele kuna safu ya watu wazito wanaosukumana bega kwa bega, nyuma yao wapo wakimbiaji wepesi, na kati ya makundi hayo mawili yupo kwotabeki. Huyu ndiye mkuu wa kikosi. Huisoma safu ya adui, huamua shambulio lipite kushoto, kulia au katikati, kisha hutoa ishara na wenzake kumi wakaondoka kwa pamoja. Asipotiiwa, kikosi kizima huvurugika. Ndiyo maana swali la nani apewe nafasi ya kwotabeki halikuwa swali la miguu na mikono peke yake. Lilikuwa swali la nani anaaminiwa kufikiri kwa niaba ya wengine, na nani yuko tayari kumtii.

Tena katika siku za Pollard mchezo ulikuwa mkali kuliko ulivyo leo. Wachezaji walivaa kofia laini za ngozi, na wengine hawakuvaa kofia yoyote. Wale wale walioshambulia ndio waliorudi kulinda. Pollard alikuwa mtu mfupi na mwepesi, mwenye kilo zipatazo 75 tu, akiwekwa mbele ya majitu yaliyomzidi kwa kila kipimo. Silaha zake zilikuwa mbio, akili na moyo usiotetemeka.

CHIMBUKO LAKE

Alizaliwa tarehe 27 Januari 1894 katika mtaa wa Rogers Park, kaskazini mwa Chicago, akiwa mtoto wa saba kati ya watoto wanane. Baba yake, John Pollard, alikuwa kinyozi, na alisifika kuwa bondia hodari siku za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vita vilivyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865 na kuumaliza utumwa. Mama yake, Catherine Amanda, alikuwa mshonaji wa nguo. Wazazi hao walimpa mtoto wao jina la Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka na kuwa msemaji mkuu wa uhuru wa watu weusi, aliyefariki mwaka mmoja baada ya mtoto huyo kuzaliwa. Jina la Fritz alilipata kwa majirani wenye asili ya Ujerumani waliokuwa wengi mtaani.

Familia ya Pollard ilikuwa miongoni mwa familia chache mno za watu weusi katika mtaa wa watu weupe. Watoto walilelewa katika adabu ya namna mbili: kutomchokoza mtu, na kutojificha. Elimu ilipewa nafasi ya kwanza nyumbani. Dada yake Naomi alihitimu katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1905, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Kaka zake walikuwa wanamichezo, na ndio waliomfundisha mdogo wao mbinu za kujilinda uwanjani.

Mbinu moja ilikuja kuwa alama yake maisha yote. Wapinzani walikuwa na tabia ya kumrukia akiwa ameshaanguka na filimbi imekwisha kulia, kwa nia ya kumvunja mbavu. Pollard alifundishwa kwamba mara tu aangukapo ajiviringishe, alale chali, na ainue miguu juu ili meno ya viatu vyake yawe yamewaelekea wanaokuja. Aliyetaka kumrukia alijua atatua juu ya nini. Hakumpiga mtu, wala hakuvunja sheria ya mchezo. Alijiwekea ngome tu. Mwamuzi hakuwa na la kumwadhibu, na mchokozi hakuwa na la kujivunia.

CHUO KIKUU CHA BROWN

Baada ya kumaliza shule ya sekondari ya ufundi ya Lane, ambako aling'ara katika kandanda, besiboli na riadha, Pollard alizunguka vyuo kadhaa akitafuta pa kutulia. Mwaka 1915 aliingia Chuo Kikuu cha Brown katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, akasomea kemia. Ili kujikimu alianzisha kazi ya kupiga pasi nguo za wanafunzi wenzake chumbani mwake.

Siku za kwanza katika timu zilikuwa chungu. Baadhi ya wachezaji hawakutaka kumsemesha, na katika mazoezi walimwangusha kwa hasira kuliko ilivyohitajika. Mtu mwingine angefunga virago, au angerusha ngumi na kufukuzwa. Pollard aliinuka kila alipoangushwa, akarudi katika nafasi yake, na safari iliyofuata akawapita wale wale waliomwangusha. Mwalimu wa timu, Edward Robinson, alikuwa na macho. Haikuchukua muda kijana huyo akawa tegemeo la kikosi.

Mwishoni mwa msimu Brown walialikwa kusafiri hadi Pasadena, California, kucheza na Washington State siku ya Mwaka Mpya wa 1916. Mchezo huo, unaoitwa Rose Bowl, ulikuwa haujachezwa tangu 1902, na tangu siku hiyo umekuwa desturi ya kila mwaka. Inasimuliwa kwamba timu ilipofika California, hoteli ilikataa kumpa Pollard chumba kwa sababu ya rangi yake. Viongozi wa msafara wakajibu kwamba akikosa chumba mmoja, hatalala humo hata mmoja. Chumba kikapatikana. Walio wazoefu wa kambi wataielewa thamani ya jambo hilo. Kikosi kilichokuwa kimeanza kwa kumtenga mtu sasa kilikuwa tayari kulala nje kwa ajili yake.

Mchezo wenyewe haukwenda vizuri. Mvua ilikuwa imeugeuza uwanja kuwa matope, na mtu ambaye nguvu zake ni mbio hana la kufanya matopeni. Brown walishindwa kwa pointi 14 kwa 0. Hata hivyo Pollard aliingia katika historia kuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika Rose Bowl.

Msimu uliofuata, wa mwaka 1916, ndipo nchi nzima ilipolijua jina lake. Katika muda wa siku nane mwezi wa Novemba, Brown waliwashinda Yale kwa pointi 21 kwa 6, kisha Harvard kwa pointi 21 kwa 0. Vyuo hivyo viwili vilikuwa wafalme wa kandanda ya siku zile, na Brown hawakuwa wamewahi kuwashinda wote wawili katika msimu mmoja. Pollard alifunga katika michezo yote miwili. Mwisho wa mwaka, Walter Camp, mzee aliyeheshimiwa kama baba wa mchezo huo, alipotangaza orodha yake ya wachezaji bora wa Marekani nzima, alimweka Pollard katika kikosi cha kwanza. Hakuna mtu mweusi aliyekuwa amepewa heshima hiyo katika safu ya wakimbiaji kabla yake.

Lakini sifa zina sumu yake. Pollard aliyapuuza masomo, akapoteza haki ya kuichezea timu, na akaondoka chuoni bila kumaliza. Tunalitaja hili kwa sababu mwandishi wa maisha ya shujaa asipotaja upungufu wake huandika utenzi wa sifa, wala hasimulii maisha.

SIKU ZA VITA KUU

Marekani iliingia katika Vita Kuu vya Kwanza mwezi wa Aprili 1917. Pollard alifanya kazi ya kuwaongoza askari katika mazoezi ya viungo kwenye kambi ya Meade, jimbo la Maryland, chini ya chama cha vijana wa Kikristo kilichokuwa kikihudumia majeshi. Wakati huo jeshi la Marekani liliwatenga askari weusi katika vikosi vyao peke yao, na utaratibu huo uliendelea hadi Rais Truman alipotoa amri ya kuuondoa tarehe 26 Julai 1948. Pollard aliwaona vijana weusi wakijiandaa kwenda kufa kwa ajili ya nchi ambayo haikuwaruhusu kula meza moja na wenzao.

Kuanzia mwaka 1918 alikuwa mwalimu wa kandanda katika Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo cha watu weusi. Msomaji wa Afrika atapenda kujua kwamba chuo hicho hicho ndicho baadaye kilichowasomesha Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana.

AKRON NA UBINGWA WA KWANZA

Mwaka 1919 Pollard aliitwa kuchezea timu ya kulipwa ya mji wa Akron, jimbo la Ohio. Akron ulikuwa mji wa viwanda vya mipira ya magari, na viwanda hivyo viliwavuta wafanyakazi wengi weupe kutoka majimbo ya Kusini, watu waliokuja na mila zao za ubaguzi. Pollard mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba hakuruhusiwa kuvalia nguo pamoja na wenzake. Alivalia katika duka la tumbaku la mmoja wa wenye timu, kisha akapelekwa uwanjani kwa gari dakika chache kabla ya mchezo kuanza, ili watazamaji wasipate muda wa kumrushia mawe. Watazamaji hao walikuwa wa mji aliokuwa akiupigania.

Tarehe 17 Septemba 1920, wenye timu walikutana katika duka la magari mjini Canton, Ohio, wakaunda chama cha timu za kulipwa. Mwanariadha mashuhuri Jim Thorpe, mwenye asili ya Wahindi Wekundu, alichaguliwa kuwa rais. Chama hicho kilibadilisha jina mwaka 1922 na ndicho hii leo Ligi ya Taifa ya Kandanda, ligi yenye utajiri mkubwa kuliko zote za michezo duniani. Katika msimu huo wa kwanza walikuwamo wachezaji weusi wawili tu: Fritz Pollard wa Akron na Bobby Marshall wa Rock Island.

Akron walicheza msimu mzima bila kushindwa. Walishinda michezo 8, wakatoka sare michezo 3, na wapinzani wote kwa jumla walipata pointi 7 tu dhidi yao. Waliishinda Canton, timu ya Jim Thorpe mwenyewe, mara mbili. Tarehe 12 Desemba 1920 walikwenda Chicago kukabiliana na timu ya Decatur, iliyoongozwa na George Halas, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wakubwa wa ligi. Decatur walimwazima mchezaji hodari kutoka timu nyingine kwa ajili ya siku hiyo, lakini mchezo ulimalizika 0 kwa 0. Wenye timu walipokutana mwezi wa Aprili 1921, Akron walitangazwa mabingwa wa kwanza wa ligi. Bingwa huyo wa kwanza alikuwa na mtu mweusi katikati ya safu yake ya mashambulizi.

MWALIMU NA KWOTABEKI

Mwaka 1921 Pollard alikabidhiwa mafunzo ya timu ya Akron, akishirikiana na Elgie Tobin, huku akiendelea kucheza. Hivyo mtu mweusi akawa mwalimu wa wachezaji weupe katika ligi kuu ya Marekani, wakati ambapo katika majimbo mengi ya nchi hiyo hakuruhusiwa kukaa nao katika behewa moja la gari moshi. Aliwapangia mashambulizi, aliwasahihisha makosa, na walimtii. Walimtii kwa sababu alijua kazi, na kwa sababu hakumtuma mtu mahali ambapo mwenyewe hakuthubutu kwenda.

Mwaka huo huo alimleta Akron kijana mmoja mrefu, mwenye kifua kipana na sauti nzito, aliyekuwa akisomea sheria. Jina lake lilikuwa Paul Robeson. Mwaka 1922 wote wawili walihamia timu ya Milwaukee. Robeson aliiacha kandanda akawa mwimbaji na mwigizaji aliyesikika ulimwengu mzima, na mtetezi wa uhuru wa Waafrika. Katika miaka ya 1930, akiwa London, alijifunza lugha za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kwa hiyo mmoja wa askari wa Pollard uwanjani alikuja kuwa mwanafunzi wa lugha hii tunayoiandika.

Mwaka 1923, akiwa na timu ya Hammond, jimbo la Indiana, Pollard alicheza nafasi ya kwotabeki, wa kwanza mweusi katika ligi. Katika miaka hiyo alichezea pia timu ya wachimba makaa ya mawe ya Gilberton, Pennsylvania, katika viwanja vya changarawe ambako mapambano yalikuwa makali na watazamaji wakali zaidi. Mwaka 1925 alikuwa na timu ya Providence, kisha akarudi Akron. Mwaka 1926 safari yake katika ligi kuu ilikoma. Alikuwa na umri wa miaka 32.

MLANGO WAFUNGWA

Kuanzia 1920 hadi 1933 wachezaji weusi katika ligi nzima walikuwa 13 tu. Baada ya msimu wa 1933, hakubaki hata mmoja, na kwa miaka 12 mfululizo, kuanzia 1934 hadi 1945, hakuna mtu mweusi aliyeukanyaga uwanja wa ligi hiyo. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Hapakuwa na tangazo. Wenye timu walisema tu kwamba hawakuwaona wachezaji weusi wenye uwezo, na miaka ile ya uchumi kuanguka iliwapa kisingizio kwamba kazi ni chache na lazima wapewe weupe kwanza.

Sisi tuliozoea amri zilizoandikwa na kutiwa saini tunaweza kudhani kwamba jambo lisilo na karatasi halina nguvu. Maisha ya Pollard yatufundisha kinyume. Amri ya siri ni ngumu zaidi kuipinga, kwa kuwa hakuna wa kumwuliza, na kila mmoja hunawa mikono. Pollard aliamini mpaka uzeeni kwamba Halas alikuwa mmoja wa waliokubaliana chini kwa chini; Halas alikana. Hakuna asiyejua, hata hivyo, kwamba matokeo yalikuwa yale yale.

Pollard hakukaa chini kulia. Mwaka 1928 alianzisha Chicago na kuiongoza timu ya watu weusi watupu, iliyocheza michezo ya kirafiki na timu za watu weupe, ili macho ya watu yaone kwamba weusi na weupe waweza kupambana uwanjani kwa sheria na wakaachana kwa amani. Timu hiyo iliuawa na umaskini wa miaka ile, ikavunjika mwaka 1932. Mwaka 1935 akapokea timu nyingine huko Harlem, New York, iliyopewa jina la utani la bondia Joe Louis, akaifundisha kwa misimu mitatu. Vijana wenye vipaji waliokuwa wamefungiwa mlango walipata mahali pa kucheza na mwalimu wa kuwafundisha.

MTU WA KAZI NYINGI

Maisha ya nje ya uwanja nayo yalikuwa ya kuanza upya kila mara. Mwaka 1922 alifungua Chicago kampuni ya uwekezaji ya watu weusi, miongoni mwa za kwanza nchini. Ikafilisika baada ya soko la hisa kuporomoka mwaka 1929. Alifanya biashara ya makaa ya mawe. Kuanzia 1935 hadi 1942 aliendesha gazeti la kila wiki la watu weusi huko New York. Alikuwa wakala wa waimbaji na wanamuziki, alitengeneza filamu, na baadaye akawa mshauri wa mambo ya kodi. Kila alipoangushwa na biashara moja alijiviringisha, akainua miguu, akasimama na kushika nyingine, kama alivyofundishwa na kaka zake utotoni.

Furaha ya baba aliipata mwaka 1936. Mwanawe, Fritz Pollard mdogo, alisimama katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin, mbele ya Hitler na wafuasi wake waliohubiri ubora wa damu nyeupe, akashinda nishani ya shaba katika mbio za kuruka viunzi za mita 110. Ni michezo ile ile ambayo Jesse Owens alitwaa nishani nne za dhahabu.

HAKI ILIYOCHELEWA

Mlango wa ligi ulifunguliwa tena mwaka 1946, wakati timu ya Los Angeles ilipowachukua Kenny Washington na Woody Strode. Hilo nalo halikuja kwa huruma. Timu ilitaka kutumia uwanja wa umma, na waandishi weusi wa mji huo wakadai kwamba uwanja uliojengwa kwa kodi za wote usitumiwe na timu inayowabagua baadhi. Timu ya mwisho kukubali ilikuwa Washington, mwaka 1962, nayo ilikubali baada ya kubanwa na serikali ya Rais Kennedy.

Hata mlango ulipokuwa wazi kwa wakimbiaji na walinzi, nafasi ya kwotabeki iliendelea kulindwa kama ghala la silaha. Vijana weusi waliokuwa makwotabeki vyuoni walihamishiwa nafasi nyingine mara walipoingia katika ligi, kwa madai kwamba hawana akili ya kuongoza. Madai hayo yalisemwa na watu ambao ligi yao ilikuwa imeshaongozwa uwanjani na mtu mweusi mwaka 1923, ila walikuwa wamesahau, au walichagua kusahau. Mwaka 1953 Willie Thrower alipewa dakika chache na timu ya Chicago, timu ya yule yule Halas. Mwaka 1968 Marlin Briscoe aliaminiwa Denver. Tarehe 31 Januari 1988, Doug Williams aliiongoza timu ya Washington, ile iliyokuwa ya mwisho kukubali, kuwashinda Denver pointi 42 kwa 10 katika fainali kuu.

Pollard hakuiona siku hiyo. Chuo cha Brown kilikuwa kimempa shahada ya heshima mwaka 1981, na kandanda ya vyuo ilikuwa imemwingiza katika orodha ya mashujaa wake tangu 1954. Ligi ya kulipwa ilikuwa bado imenyamaza alipofariki tarehe 11 Mei 1986, katika mji wa Silver Spring, Maryland. Mwaka 1989 timu ya Raiders ilipomteua Art Shell kuwa mwalimu mkuu, ilikuwa imepita miaka 68 tangu Pollard ashike kazi hiyo Akron, na wengi walidhani Shell ndiye wa kwanza katika historia yote.

Mwaka 2003 kiliundwa chama cha kutetea nafasi za watu weusi katika uongozi wa timu, kikapewa jina la Fritz Pollard. Mwaka huo ligi iliweka kanuni kwamba timu inayotafuta mwalimu mkuu isimteue mtu kabla ya kumsaili mwombaji asiyekuwa mweupe. Mwaka 2005 Jumba la Mashujaa, lililoko mji ule ule wa Canton ambako ligi ilizaliwa, likalipokea jina lake. Mwezi wa Februari 2007 walimu wawili weusi, Tony Dungy na Lovie Smith, walikutana uso kwa uso katika fainali kuu.

TUNALOJIFUNZA

Ndugu msomaji, mlinzi wa nchi au wa usalama wa raia, maisha haya yana mafunzo mawili yatuhusuyo moja kwa moja.

Fundisho la kwanza ni la mdogo. Pollard alichokozwa kila siku, akatukanwa na watazamaji, akarukiwa akiwa chini. Angalipiga ngumi moja tu, wangalisema walijua tangu awali kwamba mtu wa namna yake hafai. Aliwanyima kisingizio hicho. Nidhamu yake haikuwa woga, maana mwoga asingerudi uwanjani Jumapili iliyofuata. Ilikuwa silaha aliyoichagua mwenyewe, akaitumia mpaka mwisho.

Fundisho la pili ni la mkubwa, na ndilo zito zaidi. Kila afisa na kila mkuu wa kituo anayo kalamu ya kupendekeza nani apandishwe, nani apelekwe mafunzoni, nani apewe kikosi. Ligi ile ilikuwa na mtu aliyekwisha kuthibitisha uwezo wake mbele ya maelfu, ikamweka kando kwa kuitazama ngozi yake, na kwa miongo mingi ikajinyima viongozi ambao wangeifaa. Rangi huenda isiwe tatizo la kambi zetu. Lakini kabila, kijiji, ukoo na urafiki wa mezani vyaweza kufanya kazi ile ile ya siri, bila karatasi wala saini. Kikosi kinachochagua viongozi kwa njia hiyo hugundua kosa lake siku ya mapambano, na siku hiyo hakuna nafasi ya kuteua upya.

Chanda chema huvikwa pete. Kilichofanyika kwa Fritz Pollard ni kuvikwa pete baada ya chanda kuwa udongo. Tumkumbuke kwa kuwatazama leo walio hai katika vikosi vyetu, na kuwapa wanaostahili kilicho chao wakiwa bado wanaweza kusimama wima na kupokea saluti.